Kinyama kwenye shina la ulimi ambacho ndiyo tezi yako: kikatwe au kiachwe?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nina mtoto mmoja wa miaka minne na tunatafuta wa pili. Tangu nilipojifungua nahisi kitu kimekaa kooni. Ugali mkavu na nyama vinapita kwa shida, mume wangu anasema siku hizi nakoroma sana, na watu wananiambia naongea kama mtu mwenye tonge mdomoni. Nimepewa dawa za matonsili mara nyingi bila nafuu. Mama mkwe anasema ni kimeo, kikatwe. Baadaye kliniki moja wakaona kinyama chekundu nyuma kabisa ya ulimi, wakasema nirudi wiki inayofuata kitolewe. Niliogopa, nikaenda hospitali nyingine. Huko nikapigwa ultrasaundi, wakasema shingoni hakuna tezi kabisa. Damu ikapimwa, kipimo cha tezi kinachoitwa TSH kikaja 14. Nikaambiwa kile kinyama ndiyo tezi yangu, nisubiri rufaa. Nimechanganyikiwa. Tezi imepandaje mpaka kwenye ulimi? Ni kansa? Nikatwe au kuna dawa? Nikibeba mimba itakuwaje, na mtoto hatarithi? Pia nachoka sana, nywele zinakatika na choo ni kigumu, sijui kama vinahusiana."*

Marahaba, binti yangu. Ulipokataa kukatwa haraka haraka ukaenda kutafuta daktari wa pili, ulifanya jambo la maana kuliko yote katika safari hii. Kwa maelezo yako, kile kinyama hakionekani kuwa kitu cha ziada kilichoota mwilini. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ndiyo tezi dundumio (thyroid) yako, ile ambayo kwa kawaida hukaa mbele ya shingo na kutoa homoni inayoongoza kasi ya mwili, na kwamba huna nyingine. Kingetolewa wiki ile, ungeamka bila tezi hata moja, na huenda hakuna ambaye angetambua mpaka miezi ipite, uso umevimba, mwili umekuwa mzito na mapigo ya moyo yameshuka.

Kwa hiyo swali la kukatwa au kutokatwa tutalijibu, lakini haliji la kwanza. La kwanza ni hili: je, ndiyo tezi pekee uliyonayo, na inafanya kazi kiasi gani? Mengine yote yanategemea jibu hilo.

Nianze na hofu yako ya kwamba tezi imepanda. Haikupanda. Tezi yako haijawahi kufika shingoni. Sote tezi zetu zilianzia kwenye ulimi. Mimba ikiwa na wiki kama nne hivi, kiinitete kikiwa na urefu wa milimita chache tu, chembe zitakazokuja kuwa tezi dundumio hujikusanya kwenye sakafu ya koromeo, mahali ambapo baadaye panakuwa shina la ulimi. Hata kwa mtu mzima, daktari akichungulia kwa kioo ataona kishimo kidogo katikati ya ulimi, nyuma ya ile safu ya vipele vikubwa vya ladha iliyojipanga kama herufi V. Hicho kishimo ni alama ya mahali tezi ilipoanzia. Kutoka hapo hushuka, ikapita karibu na kile kifupa kilicho juu ya zoloto (kisanduku cha sauti), ikapita mbele ya zoloto lenyewe, na ifikapo wiki ya saba huwa imeshatulia mbele ya bomba la hewa, pale tunapoipapasa shingoni. Kwa watu wachache safari hiyo haikamiliki. Kuna wanaobaki nayo njiani, chini ya kidevu, na kuna ambao haikutoka kabisa pale ilipoanzia. Hao wa mwisho ndio wengi: karibu tisa kati ya kila kumi wenye tezi iliyokosa mahali pake, hukutwa nayo kwenye shina la ulimi.

Hakuna ulichokula wala ulichofanya kilichosababisha hivyo, na wala si kosa la mama yako alipokuwa na mimba yako. Watu wengi kwetu wakisikia neno tezi hufikiria chumvi. Ni kweli, rovu la shingoni lililokuwa likionekana sana nyanda za juu, Iringa na Mbeya kwa mfano, chanzo chake kikubwa ni upungufu wa madini joto, ndiyo maana chumvi yetu huwekewa madini hayo. Lakini tezi kubaki ulimini hakutokani na chumvi. Endelea na chumvi yako yenye madini joto kwa kiasi cha kawaida. Usiongeze, na usinunue matone ya iodini wala vidonge vya mwani vinavyotangazwa kuwa "dawa ya tezi". Madini joto yakizidi yanaweza kuivuruga zaidi tezi ambayo tayari ni dhaifu.

Kuhusu kimeo, naomba umweleze mama mkwe kwa upole, maana najua anakutakia mema. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia juu, mwisho wa paa la kinywa. Kila mtu anacho na kina kazi yake. Tatizo lako liko chini, kwenye shina la ulimi, karibu na kidakatonge, yaani kile kifuniko cha njia ya hewa. Kukata kimeo hakutagusa tezi hata kidogo, ila kunaweza kukuletea damu isiyokatika, usaha wa koo, hata pepopunda. Na mkataji asiyejua anachokiona, akiuona huo uvimbe mwekundu kwa nyuma akajaribu kuupitishia kisu, anaweza kukuua. Tezi dundumio ina mishipa ya damu mingi mno. Ikichanika pale nyuma, damu inaingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa.

Sasa kwa nini imekusumbua baada ya kujifungua, wakati umezaliwa nayo? Hapa tulia kidogo nikueleze, kwa sababu matibabu yote yanajengwa juu ya jambo hili. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo iitwayo pituitari. Kazi yake mojawapo ni kupima kila mara kiasi cha homoni ya dundumio kwenye damu. Ikiona kimepungua hutoa TSH, homoni inayoiamuru dundumio ifanye kazi zaidi, kama msimamizi wa shamba anayezidi kupaza sauti kadiri kazi inavyozorota. Lakini TSH haiamuru kazi peke yake. Huifanya na tezi yenyewe ikue. Tezi iliyobaki ulimini mara nyingi ni ndogo na haikuumbika sawasawa, kwa hiyo homoni inayotoa haitoshi, TSH inapanda, na tezi inavimba. Shingoni ingekuwa na nafasi ya kuvimba bila kukuziba. Ulimini nafasi iliyopo ni koo lako.

Kuna vipindi ambavyo mwili unahitaji homoni hiyo kwa wingi zaidi: balehe na ujauzito. Ndiyo maana wengi hugundulika katika umri wa kwako, na wanawake ni wengi zaidi ya wanaume mara kadhaa. Mimba yako ya kwanza iliidai tezi ile kazi isiyoiweza, TSH ikapanda, na tangu hapo haijashuka.

TSH ya 14 maana yake ni hiyo. Kwa mtu mzima asiye mjamzito maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Uchovu, nywele kukatika, choo kigumu, huenda na kusikia baridi kuliko wenzako, vyote vinalingana na upungufu wa homoni ya dundumio. Upungufu huo unaweza pia kuvuruga hedhi na kuchelewesha mimba. Sisemi kila kitu kimetoka huko, maana mama mwenye mtoto mdogo anaweza kuchoka kwa kupungukiwa damu pia, na wingi wa damu upimwe. Lakini vinahusiana, na hujifikirii tu.

Kansa sasa, kwa sababu najua ndiyo inayokunyima usingizi. Kansa ndani ya tezi iliyobaki ulimini ipo, lakini ni adimu: chini ya mtu mmoja kati ya kila mia wenye hali hii. Dalili zinazotufanya tuishuku ni uvimbe unaokua haraka ndani ya wiki chache, uso wake kuwa na kidonda, kutoa damu mara kwa mara, maumivu yanayopanda sikioni, au vinundu vigumu shingoni. Hukutaja hata moja. Kinyama chekundu, chenye uso laini, kilichokaa katikati kabisa ya ulimi kwa mwanamke kijana ambaye shingoni hana tezi, picha hiyo ni ya tezi. Ikiwa kuna shaka, sampuli huchukuliwa kwa sindano nyembamba, mahali penye vifaa vya kuzuia damu. Kukata kipande kwa mkasi ukiwa umekaa kwenye kiti cha kliniki, usikubali.

Na usimlaumu sana daktari wa ile kliniki ya kwanza. Makadirio ya hali hii ni mtu mmoja kati ya laki moja hadi laki tatu, na daktari anaweza kustaafu bila kuiona. Kwenye shina la ulimi kuna mambo mengi yanayofanana nayo kwa macho: matonsili ya ulimi yaliyovimba, vifuko vya maji, uvimbe wa mishipa ya damu, na saratani za kinywa. Kosa lilikuwa kupanga kukitoa kabla ya kuuliza tezi iko wapi, na swali hilo linajibiwa kwa ultrasaundi ya shingo, kipimo ambacho karibu kila hospitali ya wilaya inacho.

Kilichobaki kwako ni kipimo kinachothibitisha: picha ya tezi kwa dawa yenye mionzi kidogo. Unachomwa sindano ya teknetiamu kwenye mshipa, kisha baada ya muda mfupi unalala chini ya kamera maalumu. Tishu ya dundumio hufyonza dawa hiyo popote ilipo mwilini na kung'aa kwenye picha. Kiking'aa cha ulimini peke yake, shingoni kukiwa cheusi, tumemaliza ubishi: ndiyo tezi, na ndiyo pekee. Zaidi ya saba kati ya kila kumi wenye tezi ya ulimini huwa hawana nyingine. Nguvu ya mionzi ya teknetiamu hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo isikutishe. Kwa Dar es Salaam kipimo hiki kinapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ukiona jina la taasisi kwenye rufaa yako usidhani wamekuficha kansa. Pale wana kitengo cha tiba ya nyuklia, na picha za tezi ni kazi yao ya kila siku. Wasomaji wetu wa Nairobi watakipata Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Mambo matatu kuhusu picha hiyo. Upime mimba kabla, kwa kuwa unatafuta mtoto. Ipigwe kabla hujaanza vidonge ikiwa miadi iko karibu, kwa sababu vidonge hushusha TSH na tezi ikinyamazishwa inaweza isionekane vizuri. Miadi ikiwa mbali kwa miezi, muulize daktari wako kama uanze dawa bila kusubiri. Mimi ningekuanzishia, kwa sababu ya huyo mtoto unayemtafuta. La tatu, mtu akikuandikia picha ya CT, mkumbushe kuwa tezi huonekana vizuri hata bila ile dawa ya kung'arisha inayochomwa mshipani. Dawa hiyo imejaa iodini, na ikishaingia mwilini huharibu picha ya nyuklia kwa wiki kadhaa.

Wakati huohuo, daktari wa masikio, pua na koo akupitishie kamera nyembamba puani aangalie kwa macho uvimbe umeacha nafasi kiasi gani ya hewa, na auandike ukubwa wake kwa milimita. Bila namba hiyo, baada ya miezi sita hatutajua kama umepungua au tunajifariji.

Tuje kwenye dawa. Mtu mwenye tezi ya ulimini isiyomsumbua na TSH ya kawaida tunaweza kumwacha, tukimpima mara moja kwa mwaka. Wewe huko hauko. Kwako matibabu ya kwanza ni vidonge vya levothairoksini, ambayo ni homoni ileile ambayo tezi yako inashindwa kutoa ya kutosha. Ukiimeza, pituitari huona homoni imetosha, TSH hushuka, na tezi iliyokuwa ikilazimishwa kukua hupumzishwa. Kwa wengi husinyaa. Kwa hiyo kidonge kimoja kinatibu uchovu wako na kinapunguza uvimbe wako kwa njia ileile.

Nisikupe matumaini ya uongo kuhusu kasi yake. Uchovu na choo vinaweza kupata nafuu ndani ya wiki chache. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kabla ya hapo namba haijatulia. Uvimbe wenyewe huchukua miezi mingi. Kuna ambao hupungua kidogo tu, hasa uliokaa miaka mingi ukawa na makovu au vifuko ndani yake. Kwa mtu anayepumua vizuri ningetoa nafasi ya miezi sita hadi mwaka kabla ya kusema dawa imeshindwa.

Dozi ataipanga daktari wako. Kwa mtu mzima kijana asiye na ugonjwa wa moyo, dozi kamili hukaribia mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 huishia karibu na mikrogramu 100 kwa siku. Wazee na wenye moyo huanza na kidogo sana. Kuna madaktari wanaoisukuma TSH chini kabisa ya kiwango cha kawaida ili tezi isinyae zaidi. Mimi ningeiweka sehemu ya chini ya kawaida na kuishia hapo. Homoni ikizidi kwa miaka, moyo unaweza kuanza kudunda bila mpangilio na mifupa kupungua uzito, na kwa mwanamke anayetafuta mimba hakuna sababu ya kumzidishia. Ukianza kusikia moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula, rudi upimwe.

Jinsi ya kumeza ndiko wengi wanakoharibikiwa, kisha dawa inalaumiwa. Kidonge humezwa na maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai ya maziwa na kahawa huizuia isifyonzwe. Vidonge vya kuongeza damu utakavyopewa kliniki ya wajawazito, vidonge vya kalsiamu na dawa za kupunguza gesi na asidi tumboni, vyote vipishe kwa saa 4. Anayeshindwa asubuhi anaweza kumeza usiku, saa tatu baada ya kula, na utaratibu huo huwafaa sana watu wakati wa Ramadhani. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, acha siku mbili kabla ya kupima damu, maana hudanganya mashine. Dawa hii inaweza kuwa ya maisha. Najua neno hilo linaumiza ukiwa na miaka 27, ila fahamu kwamba hata ukichagua upasuaji, utaihitaji maisha yako yote, tena bila uchaguzi.

Ndiyo maana upasuaji nauweka nyuma. Siukatai. Kuna hali ambazo ndiyo jibu sahihi: njia ya hewa imebanwa kiasi cha kukukaba usingizini, chakula laini hakipiti, uvimbe unatoa damu, kansa inashukiwa, au dawa imetumika ipasavyo na haikusaidia. Lakini ujue unachokubali. Wakati wa kukulaza, kazi ngumu kuliko zote inaweza kuwa ya daktari wa usingizi, kwa sababu uvimbe umekaa mbele ya mlango anaotakiwa kupitisha mpira wa hewa. Mara nyingi mpira hupitishwa puani, kwa kamera, ukiwa bado unajipumulia mwenyewe. Kisha kinywa hushikiliwa wazi kwa chuma, ulimi huvutwa mbele, na tezi huchongwa kidogo kidogo kutoka kwenye msuli kwa umeme, kwa leza, au penye uwezo huo kwa mikono ya roboti. Kulia na kushoto kwa ulimi hupita mishipa mikubwa ya damu na neva zinazousogeza, hivyo mpasuaji anatakiwa abaki katikati. Uvimbe mkubwa sana au unaoelekea chini hufikiwa kwa kupasua shingo juu ya zoloto. Baada ya hapo ulimi huvimba, na wagonjwa wengine huwekewa tundu la muda la kupumulia shingoni mpaka uvimbe utulie. Unakula uji na supu kwa siku kadhaa. Inafanyika na watu wanapona vizuri, ila ifanyiwe hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi.

Jambo moja la kukutuliza: zile tezi ndogo nne zinazolinda kalsiamu ya mwili hutokana na chanzo kingine, na kwa kawaida huwa zipo shingoni mahali pake hata kama dundumio haikushuka. Kwa hiyo ganzi na mikazo ya misuli inayowapata baadhi ya waliotolewa tezi ya shingoni si tatizo tunalolitegemea hapa.

Huenda mtu akakueleza kuhusu kuhamisha tezi: kuikata ulimini na kuishusha shingoni ikiwa na mishipa yake, au kupandikiza vipande vyake kwenye msuli. Imefanyika sehemu mbalimbali duniani. Sioni faida yake kwako. Tezi iliyokuwa haitoshi ikiwa nzima haitatosha ikiwa imekatwakatwa, na utarudi kwenye kidonge kilekile.

Njia nyingine ni iodini yenye mionzi, inayomezwa na kwenda kuiua tezi popote ilipo. Huwafaa watu wasioweza kupasuliwa. Kwako, hapana kwa sasa. Hairuhusiwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na anayeipata hutakiwa asubiri angalau miezi sita kabla ya kubeba mimba. Tena siku za mwanzo tezi inaweza kuvimba kabla ya kusinyaa, jambo la hatari kwa uvimbe uliokaa kwenye njia ya hewa.

Kuhusu mimba, ombi langu ni moja: tumieni kinga kwanza mpaka TSH ishuke, ikiwezekana chini ya 2.5. Miezi ya mwanzo mtoto hana homoni yake, ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Upungufu usiotibiwa huongeza uwezekano wa mimba kutoka na wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ukitibiwa vizuri, unaweza kubeba mimba na kujifungua kama wanawake wengine. Siku ukiona umekosa hedhi na kipimo kinasema ndiyo, usisubiri miadi ya kliniki ya mwezi ujao. Dozi huhitaji kupanda mapema, kwa kawaida robo hadi theluthi, na njia rahisi wanayoelekezwa wengi ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki huku wakienda kumwona daktari. Kubaliana naye kabla, ujue utafanya nini siku hiyo. Baada ya hapo TSH kila wiki nne mpaka katikati ya ujauzito, na kamera ya koo angalau mara moja, kwa sababu uvimbe unaweza kukua tena. Levothairoksini haimdhuru mtoto, na unanyonyesha huku unaitumia.

Zipo dalili ambazo hazisubiri rufaa wala kidonge. Ukianza kupumua kwa sauti ya mluzi, ukashindwa kulala chali kwa kukosa hewa, ukashindwa kumeza hata mate, au ukatema damu nyekundu kutoka kooni, nenda hospitali ya rufaa usiku huohuo, ukiwa umekaa wima, usilazwe chali njiani. Mume wako akiona unakoroma kisha unanyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa ndipo unashtuka kuvuta hewa, amwambie daktari, maana hilo hubadilisha uamuzi kuhusu upasuaji. Na kwenye kadi yako ya kliniki waandike kwa herufi kubwa kwamba una tezi kwenye shina la ulimi. Ukihitaji upasuaji wa kujifungua, daktari wa usingizi alijue hilo kabla hujapanda kitandani, si wakati ameshakulaza na kufungua kinywa.

Umeuliza kama mtoto atarithi. Wengi wa watu wenye tezi isiyoshuka ni peke yao katika ukoo, na vinasaba vinavyojulikana kuhusika hukutwa kwa wachache. Hata hivyo tezi iliyokosa mahali pake ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kuzaliwa na upungufu wa homoni hii, na upungufu huo kwa mtoto mchanga hauonekani kwa macho wiki za mwanzo, wakati ubongo unaumia. Nchi nyingi hupima watoto wote wanaozaliwa. Kwetu mara nyingi mzazi hulazimika kuomba. Wewe omba: tone la damu la kisiginoni au damu ya mshipa, TSH, kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kuzaliwa. Mtoto akikutwa na upungufu na kuanzishiwa dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, hukua na akili zake timamu. Kidonge ni hichohicho, kwa dozi yake, husagwa kikachanganywa na maziwa ya mama kidogo kwenye kijiko. Na huyu wa miaka minne, kama anakua vizuri, anacheza na kuongea kama wenzake, hakuna haja ya kumkimbiza popote. Siku ukienda kupima yako, mpime na yeye TSH mara moja, uwe na jibu.